Safu ya Lugha: Bakshishi

Neno hili lina asili ya Kiajemi, na wapo wanaolitamka bahashishi. Maana yake ni tunzo anayopewa mtu kwa hiari baada ya kazi nzuri. Hiyo hiari ndiyo roho ya neno.

Hotelini Nuu, kule Mwingi, ambako hoteli ni mahali pa chai, chapati na muthokoi wala si pa kulala, bakshishi haina jina. Mteja humwambia mhudumu, "Hiyo chenji baki nayo," basi. Siku hizi hata chenji inaadimika: ukilipa kwa M-Pesa unatuma kiasi kamili, na ile shilingi kumi iliyokuwa ikiachwa kwenye sahani haionekani tena.

Katika hoteli kubwa za Nairobi na Mombasa mambo ni mengine. Chini ya risiti huandikwa "ada ya huduma", mara nyingi asilimia 10. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 inaiondolea kodi ada hiyo inayochukua nafasi ya bakshishi, mradi isizidi asilimia 10 na igawiwe wafanyakazi moja kwa moja, kwa mkataba ulioandikwa. Kwa hiyo muulize mhudumu kama inamfikia. Jibu lake, au kimya chake, kitakuelekeza kama uongeze kitu.

Ila usiiite ada hiyo bakshishi. Kinachodaiwa kwenye risiti ni malipo. Wala bakshishi usiiite "chai", yaani hongo. Chai ya namna hiyo huombwa kabla ya kazi.