Kitui na Makueni: Mambo ya kuzingatia kabla ya kufunga safari

KILA siku maelfu ya abiria hupita katika Kaunti ya Makueni wakielekea Mombasa au wakirejea Nairobi. Hununua maembe na machungwa kando ya barabara, hupumzika kidogo Mtito Andei, kisha huendelea na safari. Ni wachache mno wanaokusudia kushuka hapo, na ni wachache zaidi wanaovuka mto Athi kuingia Kitui.

Hali hii haitokani na uhaba wa mambo ya kutazama. Kaunti hizi mbili za Ukambani zina milima yenye historia, miamba yenye visa, mbuga za wanyama na utaalamu wa kuhifadhi maji ambao wageni kutoka mbali huja kujifunza. Kinachokosekana ni maandalizi. Kwingineko mgeni huanza kwa kutafuta hoteli. Hapa yampasa kuanza kwa kuuliza habari za mvua na mito.

Ukubwa na mipaka

Kitui ni miongoni mwa kaunti kubwa nchini Kenya, kwani ina zaidi ya kilomita 30,000 mraba. Makueni ina takriban kilomita 8,000 mraba. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kitui ilikuwa na wakazi 1,136,187, nayo Makueni 987,653. Makao makuu ya Makueni ni mji wa Wote. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Machakos hadi 1992 lilipofanywa wilaya. Kaunti zote mbili zilianza kujisimamia 2013, chini ya Katiba ya 2010.

Msafiri anayetazama ramani hudanganyika kwa urahisi. Mwingi na Mutomo zote zimo Kitui, lakini kutoka mji mmoja hadi mwingine ni safari ya kutengewa sehemu kubwa ya siku iwapo mtu anataka kusimama njiani.

Wakati wa kwenda

Mvua za Ukambani hunyesha kwa vipindi viwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Zile za mwisho wa mwaka ndizo wakulima wanazozitegemea zaidi. Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu, na asubuhi huwa na ubaridi wa kupendeza katika sehemu za milimani. Januari na Februari pia huwa kavu ingawa jua huwa kali. Maembe huwa tele kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi miezi ya kwanza ya mwaka unaofuata.

Anayetaka kuona nyika ikiwa kijani kibichi atachagua Novemba au Desemba, lakini kipindi hicho kina hatari yake. Mito mingi ya hapa ni ya msimu. Asubuhi mto huwa mchanga mtupu ambao watoto huuvuka kwa miguu, na jioni huwa umefurika kutokana na mvua iliyonyesha mbali kabisa, mahali ambapo msafiri hakuliona hata wingu lake.

Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililokuwa limebeba wanakwaya na jamaa waliokuwa wakielekea harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, karibu na Mwingi, maji yakiwa yamefunika kivuko. Lilisombwa na kuzama huku umati ukitazama kutoka ukingoni. Zaidi ya watu 30 walikufa.

Funzo la mkasa huo halina budi kuwa kanuni ya kwanza ya msafiri. Maji yakiwa yamefunika kivuko, haifai kuingia, hata kama gari la mbele limepita salama, na hata kama dereva anasema anaujua mto huo tangu utotoni. Abiria ana haki ya kuomba kushuka. Aghalabu mafuriko ya aina hii hupungua baada ya saa chache, na wahenga walisema kawia ufike. Kwa sababu hiyo, ratiba ya msimu wa mvua iachiwe angalau siku moja ya ziada.

Njia za kufika

Makueni ndiyo nyepesi kufikiwa. Barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa hupitia Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei. Treni ya SGR iliyozinduliwa 2017 ina vituo Emali, Kibwezi na Mtito Andei, lakini ni ile ya asubuhi inayohudumia miji ya katikati ndiyo husimama humo. Anayepanda treni ya moja kwa moja atajikuta Mombasa. Tiketi zinunuliwe mapema, hasa wakati wa sikukuu na likizo za shule, na abiria abebe kitambulisho au pasipoti. Wote hufikiwa kwa barabara ya lami kutoka Machakos.

Mji wa Kitui hufikiwa kupitia Machakos, Masii na Wamunyu. Wamunyu, uliomo Kaunti ya Machakos, ni mji mashuhuri kwa uchongaji wa vinyago. Mwingi uko kwenye barabara ya kutoka Thika kwenda Garissa.

Jambo lililobadilisha zaidi usafiri wa eneo hili ni barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui, iliyowekwa lami katika miaka ya karibuni. Zamani safari hiyo ilikuwa ya vumbi na kukwama. Sasa msafiri aweza kuzizunguka kaunti zote mbili bila kurudi alikotoka.

Mambo ya kutazama Makueni

Mlima Nzaui una nafasi ya pekee katika masimulizi ya asili ya Wakamba. Yasemekana kwamba Mulungu aliwashusha hapo binadamu wa kwanza, na kwamba nyayo zao zimebaki mwambani. Milima ya Mbooni nayo hutajwa na wanahistoria kuwa kitovu ambapo jamii hiyo ilitawanyikia kwingineko, ikiwemo Kitui.

Makindu kuna hekalu la Wasingasinga lililojengwa 1926 na waumini waliofanya kazi katika reli. Hadi leo msafiri wa dini yoyote hulishwa hapo bila malipo, naye huacha sadaka kwa hiari yake. Anayeingia huvua viatu, hufunika kichwa, na haruhusiwi kuingia na tumbaku wala pombe.

Kibwezi ndiyo lango la Mbuga ya Kitaifa ya Milima ya Chyulu, iliyotangazwa 1983. Milima hiyo ya volkeno haina mito juu yake. Mvua hunywewa na miamba na kupita chini kwa chini hadi kuibuka katika chemchemi za Mzima, ambazo huwapa maji wakazi wa Mombasa. Mtito Andei kuna lango la Tsavo Magharibi.

Mambo ya kutazama Kitui

Kilomita chache kutoka mjini Kitui umesimama mwamba wa Nzambani. Wenyeji husimulia kwamba anayeuzunguka mara saba hubadilika jinsia, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Kuna ngazi za chuma za kupandia, na kutoka kileleni nyika huonekana hadi upeo wa macho.

Kitui pia ina sehemu katika historia ya jina la taifa hili. Mnamo Desemba 3, 1849, mmishenari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa ametoka Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima wenye theluji akiwa Kitui. Mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara. Wakamba waliuita mlima huo Kiinyaa, na wengi huamini kwamba jina Kenya lilitokana na neno hilo. Kivoi aliuawa 1851 msafara wao uliposhambuliwa walipokuwa wakielekea mto Tana.

Kusini, kuelekea Mutomo na Ikutha, mibuyu mikubwa huipamba nyika, na uwanda wa Yatta, mojawapo ya mitiririko mirefu zaidi ya lava duniani, huonekana kama ukuta uliokatwa juu kwa kisu. Sehemu ya kaskazini ya Tsavo Mashariki, ambako ndovu yatima waliolelewa na binadamu hurejeshwa porini Ithumba, hufikiwa kwa njia hii.

Mabwawa ya mchanga

Katika kaunti zote mbili, wanakijiji wamejenga mamia ya kuta za mawe na saruji kukatiza mito ya msimu. Mafuriko huleta mchanga unaorundikana nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani yake kwa kadiri ya asilimia 25 hadi 40 ya ujazo wake. Jua haliyakaushi upesi, wala mbu hawapati pa kutagia. Kiangazi kinapofika, akina mama huchimba visima mchangani na kuteka.

Mgeni ajue kwamba mto anaoudhania mkavu huenda ndio tangi la kijiji kizima. Kuosha gari hapo, kuoga karibu na kisima au kutupa taka ni kuchafua maji ya kunywa. Hata mchanga wenyewe una ulinzi. Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi 2015.

Usalama, afya na adabu

Maeneo ya mashariki ya Kitui yanayopakana na Tana River yamekuwa yakishuhudia mizozo ya malisho kati ya wafugaji wa ngamia na wakulima. Kabla ya kwenda huko, au katika Hifadhi ya Mwingi, ni vyema kuuliza polisi na maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ada za mbuga hulipwa kupitia mtandao wa eCitizen, na zithibitishwe kabla ya kuondoka kwa kuwa hubadilika.

Malaria ipo, hivyo chandarua na ushauri wa daktari ni muhimu. Usiku, viatu vilivyofunika mguu na tochi humkinga mtu dhidi ya nyoka. Maji ya kutosha yabebwe garini, na mafuta yajazwe mijini.

Chakula cha kuulizia ni muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe au mbaazi. Asali ya Mwingi na vyondo vya mkonge hununuliwa kwa wenyewe, bila dalali. Neno moja la Kikamba halimshindi mgeni yeyote: "Ni muvea", yaani asante.

Mzunguko wa siku nne

Siku ya kwanza ni Nairobi, Machakos hadi Wote. Siku ya pili ni Nzaui, Makindu na kulala Kibwezi. Siku ya tatu, msafiri huvuka Athi kupitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui. Siku ya nne hupanda Nzambani asubuhi, kisha hurejea Nairobi kupitia Mwingi na Thika. Mbuga za wanyama zahitaji siku nyingine mbili, na msimu wa mvua wahitaji ile siku moja ya kusubiri mto upungue.