LinkedIn kwa mkimbizi aliye Bujumbura: namna ya kuifanya ikufae

Wengi wenu mna akaunti ya LinkedIn mliyoifungua siku moja, mkajaza jina na shule, kisha hamkuirudia. Akaunti ya namna hiyo haina faida. Ila kwa mtu aliyekimbia bila vyeti vyake, mtandao huu unaweza kufanya kazi moja ambayo WhatsApp na Facebook haziifanyi vizuri, nayo ndiyo tunayoieleza zaidi hapa.

LinkedIn ni mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi. Ulianza Marekani mwaka 2003, na tangu 2016 ni mali ya kampuni ya Microsoft. Kujiunga ni bure. Kuna huduma ya kulipia iitwayo Premium, lakini huihitaji ili kutafuta kazi. Unaweza kuutumia kwa Kifaransa, na anayejiunga awe ametimiza miaka 16.

Watafute walioiona kazi yako

Ukiwa ulivuka kuja Burundi Februari 2025 kupitia Gatumba au Rugombo, huenda vyeti vyako vilibaki nyumbani Bukavu au Uvira. Kilichobaki ni watu: mkuu wa shule uliyofundisha, daktari mliyekuwa naye zamu za usiku, mhasibu aliyekagua vitabu vyako. Leo wako Kampala, Nairobi, Ubelgiji, Kanada. LinkedIn inakusaidia kuwapata, kwa sababu ukurasa wa chuo au wa shirika huonyesha watu waliosoma au kufanya kazi hapo. Anza na ukurasa wa chuo chako, kwa mfano ISP Bukavu au Université Officielle de Bukavu, uone nani unamfahamu.

Ukimpata, usimtumie ombi la urafiki tupu. Mwandikie kwa mfano hivi: «Salamu, Daktari. Tulikuwa pamoja wodi ya wazazi kuanzia 2019 hadi 2022. Naomba uniandikie mistari mitatu kuhusu kazi ya chanjo niliyoisimamia.» Mtu akiombwa jambo moja lililo wazi hulijibu upesi, akiombwa «unisaidie kupata kazi» hunyamaza, hata kama anakupenda. Anachoandika huonekana kwenye ukurasa wako pamoja na jina lake na cheo chake, na mwajiri anaweza kumfuata akamuuliza.

Ushuhuda huo hauchukui nafasi ya diploma. Kwa kazi ya uuguzi au ualimu hapa Burundi bado utatakiwa kuonyesha vyeti na kuvilinganisha kupitia wizara inayohusika na elimu. Kuhusu hati yako ya ukimbizi na haki ya kufanya kazi, waulize ONPRA, ofisi ya serikali inayoshughulikia wakimbizi.

Eleza kazi, usitaje daraja tu

Ukiandika «infirmier A2» au «L2 pédagogie», mtu wa Bukavu au Bujumbura anaelewa. Mwajiri wa Nairobi haelewi. Ongeza maneno machache: miaka mingapi ya masomo, baada ya shule gani, uliruhusiwa kufanya nini. Mstari ulio chini ya jina lako una nafasi ya herufi 220, usiupoteze kwa «natafuta kazi». Andika: «Muuguzi, miaka 6 wodi ya watoto, Kifaransa, Kiswahili, Kinyarwanda». Lugha zako zitaje zote, maana mashirika yanatafuta wakalimani na wafasiri wa lugha hizo hizo unazoziona za kawaida. Unaweza pia kuweka wasifu wa pili kwa Kiingereza bila kufuta ule wa Kifaransa.

Baadaye tenga nusu saa kwa juma. Jibu swali la mtu wa fani yako, au eleza kwa mistari mitano namna ulivyotatua tatizo fulani kazini. Picha za maua na salamu za asubuhi ziache WhatsApp.

Tuseme ukweli pia: kama wewe ni fundi wa magari pale Buyenzi, au unauza vitenge, wateja wako hawako LinkedIn. Simu yako na jina lako kwenye kartie vinafaa zaidi.

Kabla ya kuandika, jilinde

Hapa usiwe na haraka. Kama kuna mtu au kundi ulilolikimbia, ukurasa wako unaweza kuwaambia ulipo. Si lazima utaje kambi wala mtaa, «Burundi» inatosha. Picha si lazima, na ukiiweka unaweza kuchagua ionekane kwa watu uliowakubali tu. Kwenye mipangilio ya faragha zuia ukurasa usionekane kwenye Google, kisha ficha orodha ya marafiki zako, kwa kuwa ndani yake kuna ndugu waliobaki nyumbani. Jua lakini kwamba rafiki mnayemfahamu wote wawili ataendelea kuonekana. Namba ya hati ya ukimbizi, picha ya kitambulisho na habari za kesi yako ya hifadhi zisiwekwe hata kidogo.

Matapeli nao wako humo. Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri. Anayekuambia una kazi Oman, Saudi Arabia au Kanada, kisha anataka pesa za «faili», za viza au za uchunguzi wa afya kupitia simu, usimlipe, hata kama ukurasa wake una nembo nzuri na marafiki 500. Anayekuomba pasipoti kabla hujafanya usaili wowote, usimtumie. Hifadhi picha ya ujumbe wake, mripoti kwa kubonyeza nukta tatu zilizo kwenye ukurasa wake, na uwaonye wenzako katika kikundi chenu.