Hopsi Zisizoonja Moto

Mwaka 1893 wakemia wawili wa Uingereza, Horace Brown na G. Harris Morris, walichapisha utafiti juu ya jambo ambalo mafundi wa bia wa mji wa Burton-upon-Trent walilifanya kila siku bila kulihoji. Bia ikishachacha na kuingizwa kwenye pipa, fundi alichota konzi za maua makavu ya hopsi, akayapenyeza kwenye tundu la pipa, kisha akagongomea kizibo. Baadaye bia iliyokuwa imetulia ilianza kuchacha upya. Mafundi waliipenda hali hiyo, maana ndiyo iliyoipa bia gesi na povu. Brown na Morris walikipata chanzo chake: ndani ya hopsi mna vimeng'enya vinavyokatakata mabaki ya wanga kwenye bia yakawa sukari, na hamira ikiona sukari haikai bure.

Hopsi ni mmea wa kutambaa wa nchi za baridi, wa ukoo mmoja na bangi. Ua la jike limebeba unga wa manjano wenye utomvu mchungu na mafuta ya kunukia. Wachaga wa Kilimanjaro huikata mbege, pombe yao ya ndizi, utamu kwa gome chungu la msesewe. Ulaya kazi hiyo imeshikwa na hopsi kwa karne nyingi. Hildegard wa Bingen, mtawa wa Kijerumani wa karne ya 12, aliandika kwamba uchungu wake huzuia vinywaji visiharibike, na hakukosea, kwani utomvu huo huzuia bakteria wengi kumea.

Uchungu wenyewe hauji bila moto. Hopsi huchemshwa pamoja na maji ya kimea, mara nyingi kwa muda wa saa nzima, ndipo utomvu unapobadilika na kuyeyuka. Ila moto huohuo hufukuza sehemu kubwa ya mafuta mazuri pamoja na mvuke, na vimeng'enya navyo hufa. Kwa hiyo hopsi za chunguni na hopsi za kwenye pipa, hata zikitoka gunia moja, hufanya kazi mbili tofauti kabisa. Zile hutoa uchungu. Hizi hutoa harufu, tena huingia kwenye bia zikiwa na nguvu zake zote.

Bia ya Burton ilipata jina kubwa kutokana na biashara ya India. Mwishoni mwa karne ya 18, George Hodgson wa kiwanda cha Bow, mashariki ya London, aliwauzia bia manahodha wa Kampuni ya Mashariki ya India, ambao meli zao zilitia nanga karibu naye. Husemwa mara kwa mara kwamba Hodgson alibuni bia mpya kwa ajili ya India. Siikubali hadithi hiyo. Bia kali yenye rangi ya kung'aa na hopsi tele ilikuwapo Uingereza kabla yake. Alichokuwa nacho ni bahati ya kuwa jirani wa bandari. Safari ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa miezi kadhaa, ikivuka ikweta mara mbili, na hopsi za ndani ya pipa ziliendelea kuilinda bia njia nzima. Mnamo 1822 Samuel Allsopp wa Burton aliingia katika soko hilo. Inasimuliwa kwamba fundi wake, Job Goodhead, alipikia bia ya kwanza ya majaribio ndani ya birika la chai. Maji ya Burton, yenye jasi nyingi, yaliunoa uchungu wa hopsi kuliko maji ya London, na baada ya miaka michache mji huo ukaipiku Bow.

Marekani ufundi huu wa kutia hopsi bila kuzichemsha ulipata maisha mengine. Mwaka 1972 ilitolewa Cascade, aina ya hopsi iliyozalishwa Corvallis, Oregon, yenye harufu ya balungi. Miaka 3 baadaye kiwanda cha Anchor cha San Francisco, chini ya Fritz Maytag, kilitengeneza Liberty Ale na kutia Cascade kwenye bia iliyokwisha kupoa. Hapo lengo lilibadilika: hopsi za baridi hazikutiwa tena ili bia ifike salama. Zilitiwa inukie.

Waliolibeba jambo hili zaidi ni wapika bia wa nyumbani. Marufuku ya pombe ilipoondolewa Marekani mwaka 1933, mvinyo wa nyumbani uliruhusiwa, bia ikaachwa nje. Rais Jimmy Carter alisaini sheria ya kurekebisha hilo Oktoba 1978. Ken Grossman, aliyekuwa na duka la vifaa vya wapika bia wa nyumbani mjini Chico, California, akaanzisha kiwanda cha Sierra Nevada, na bia zake zilizojaa hopsi zikawafundisha Wamarekani wengi ladha hiyo.

Nyumbani kazi ni ya mikono. Ndoo ya lita 20 ikiisha kuchacha, mpishi hutia hopsi kwenye mfuko wa kitambaa chepesi uliochemshwa, pamoja na gololi za kioo ili usielee, akaufunga na kuuzamisha kwa siku chache. Kifuniko kifunguliwe kidogo iwezekanavyo, maana hewa huiba harufu na kuitia bia weusi. Kwa kiasi, utafiti uliotoka Chuo Kikuu cha Oregon State mwaka 2018 ulionyesha kwamba baada ya gramu 8 kwa lita, kuongeza hopsi hakuongezi harufu ya matunda. Bia huelekea kwenye ladha ya majani na chai. Ningetamani viwanda vinavyoshindana kwa wingi wa hopsi viusome.

Mwaka huohuo watafiti wa chuo hichohicho, kilicho palepale Corvallis, walieleza pia kwa nini bia za kisasa zenye hopsi nyingi zilikuwa zikijaa gesi kupita kiasi na kupata harufu ya siagi. Ni vimeng'enya vya Brown na Morris. Pipa la mbao la Burton lilikuwa na kijiti laini cha kupumulia gesi ya ziada. Chupa haina, na inaweza kupasuka. Ndiyo maana mpika bia makini, hopsi zikishaingia, hupima uzito wa bia kwa haidromita, husubiri siku kadhaa, hupima tena, na hafungi chupa hata moja mpaka vipimo vilingane.