Asilimia Kumi ya Kujificha

Jumamosi moja jijini Mbeya, mvua ikipiga mabati, tulikuwa watano mezani tukicheza Dungeons & Dragons. Rafiki yetu kutoka Kalenga, Iringa, alitaka mpiganaji wake ajifiche kwenye majani marefu, awavizie walinzi. Msimulizi wetu akafungua kitabu, akatikisa kichwa: kujificha ni kazi ya mwizi.

"Kwa hiyo mababu zetu pale Lugalo walikuwa wezi?"

Tulicheka. Kisha tukanyamaza, maana swali lilikuwa la haki.

Mchezo huu ulipotoka Marekani mwaka 1974 ulikuwa na aina tatu za wahusika: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi hakuwepo. Aliyetaka kunyata alisema ananyata, msimulizi akaamua. Mwaka 1975 kitabu cha nyongeza, Greyhawk, kilimleta mwizi pamoja na jedwali la uwezo wake. Mwizi anayeanza alipewa asilimia 20 za kutembea bila kusikika, na asilimia 10 tu za kujificha kivulini. Wachezaji wengi wakalisoma jedwali hivi: kilichoandikwa kwa mwizi, wengine hawakiwezi. Hivyo likawanyang'anya wengine ujuzi, huku mwizi mwenyewe akishindwa kujificha mara tisa katika kumi.

Lugalo inasema vingine. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski kilikuwa kikipita hapo, mashariki ya Iringa. Wapiganaji wa Kihehe walikuwa wamejibanza vichakani na nyuma ya mawe, mikuki mkononi. Walipotoka, mapigano hayakuchukua muda. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Waliojificha hawakuwa mafundi wachache wa vivuli, lilikuwa jeshi. Waliijua ardhi, walijua adui atapita wapi, na waliweza kunyamaza.

Wajerumani walipoiteka Kalenga, Oktoba 1894, Mkwawa aliwaponyoka. Aliwakwepa kwa karibu miaka minne, hata baada ya kutangazwa zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Watu walimlisha na kumpa habari. Maficho yake yalikuwa kazi ya vijiji, mpaka Julai 1898 alipojiua ili asikamatwe.

Siku hizi mezani kwetu msimulizi huuliza kwanza: uko wapi? Nani anatazama upande wako? Unalijua eneo? Majibu yakitosha, mhusika yeyote amejificha, na dadu hazirushwi. Asilimia za mwizi tunazitunza kwa pale ambapo mtu wa kawaida angeonekana: ukumbi mtupu, taa inawaka, mlinzi yuko hatua tatu. Hapo asilimia 10 si dharau tena. Ni nafasi ambayo wengine hawana kabisa, na mwizi anabaki na sababu ya kuwepo.

Swali la rafiki yetu lilitufundisha kwamba kanuni inayompa mmoja ujuzi inaweza kuwafuta wengine waliokuwa nao tangu zamani, wala hakuna anayegundua mpaka mjukuu wao akae mezani na kuuliza.

Jioni ile msimulizi alifunga kitabu. Mpiganaji wa Kalenga akalala majanini, kimya. Walinzi wakapita.