Kidari cha kuku cha kuchoma: ndimu inaleta ladha, moto ndio unaoua vijidudu

Mama na mlezi, kidari cha kuku kina protini nyingi, mafuta machache, na huiva haraka. Lakini kuku mbichi anaweza kubeba vijidudu kama salmonela, vinavyoleta homa na kuhara, na mtoto mdogo ndiye huathirika zaidi. Wengi huamini kuwa ndimu na kitunguu saumu huua vijidudu hivyo. Usitegemee hilo. Hakikisha nyama imeiva hadi katikati.

Mahitaji (watu 4)

- Vidari 2 vikubwa visivyo na mfupa
- Juisi ya ndimu 1
- Punje 4 za kitunguu saumu na kipande kidogo cha tangawizi, vilivyopondwa
- Majani ya giligilani yaliyokatwakatwa, vijiko vikubwa 2
- Mafuta ya kupikia, vijiko vikubwa 2
- Chumvi, nusu kijiko cha chai

Jinsi ya kuandaa

1. Nawa mikono kwa sabuni. Usioshe kuku chini ya bomba, kwani maji yanayoruka husambaza vijidudu kwenye vyombo na mboga.
2. Pasua kila kidari kwa ulalo upate vipande 2 vyembamba. Kipande kinene huungua nje kabla ya kuiva ndani.
3. Kama kuna mtoto mdogo, tenga fungu lake kabla ya kuweka chumvi.
4. Changanya viungo, paka nyama, funika. Weka kwenye friji dakika 30 hadi saa 2. Huna friji? Andaa viungo na jiko kwanza, kisha paka nyama na uchome mara moja.
5. Osha kisu, ubao na mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kachumbari au matunda.
6. Choma kwenye wavu juu ya makaa yasiyo na miali, au chini ya moto wa juu wa oveni, dakika 5 hadi 7 kila upande. Jiko la mkaa liwe nje, kamwe lisiwe kwenye chumba kilichofungwa.
7. Kata sehemu nene zaidi. Nyama iwe nyeupe, bila uwekundu, na maji yake yawe meupe. Ukiwa na kipimajoto cha chakula, kisome nyuzi 74 za Selsiasi.
8. Pakua kwenye sahani safi, si ile iliyokuwa na nyama mbichi. Viungo vilivyobaki kwenye bakuli vimwage.

Nyama iliyobaki isikae nje zaidi ya saa 2. Ukiipasha, ipate moto hadi katikati.

Kwa mtoto mdogo

Kuanzia miezi 6, mtoto anaweza kula kuku. Chemsha fungu lake liive, lisage au liponde sana, kisha changanya na uji au viazi. Aliyezoea kutafuna mchambulie nyuzinyuzi laini, na ale akiwa ameketi. Vipande vikubwa vinaweza kumkaba.

Akihara

Endelea kumnyonyesha na kumlisha, na umpe maji ya ORS. Mpeleke kituo cha afya akapimwe na kupewa zinki. Usisubiri ukiona damu kwenye kinyesi, macho yamedidimia, amelegea, anatapika kila kitu, au anashindwa kunywa au kunyonya.