Mauser, Nyati wa Rukwa na Mfipa Aliyeachiwa Gobole

Ukitaja Sumbawanga ukiwa Dar, mtu wa kwanza atakuuliza kuhusu radi. Wa pili atakwambia jina lenyewe maana yake ni "tupa uchawi", halafu watacheka wote wawili. Hakuna anayeuliza kuhusu bunduki. Na wakati huo historia ya bunduki kule Ufipa ina mikasa kuliko tamthilia ya Kituruki, na inaanzia kwenye swali moja ambalo wawindaji wanabishania mpaka leo: kama huna hela ya tajiri, ila kesho asubuhi unaenda kusimama mbele ya nyati, unabeba bunduki gani?

Kwanza ijulikane sehemu yenyewe. Ufipa ni nchi ya juu, ina baridi na nyasi, imekaa katikati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Ukitoka Sumbawanga kuelekea Muze, ardhi inakatika ghafla. Hapo ndo Lyamba lya Mfipa. Unashuka kona baada ya kona, baridi inabaki mgongoni, na ukifika chini unakutana na joto la bondeni kama mtu amefungua mlango wa tanuri. Juu ni mashamba ya ulezi, maharage na mahindi. Wanyama wakubwa walikuwa huko chini, kuzunguka ziwa: tembo, nyati, kiboko, simba, na sheshe wanaopenda nyasi za majimaji. Mfipa aliyetaka nyama ya maana alishuka.

Wahusika wa kisa hiki ni watatu na hakuna hata mmoja mwenye jina, kwa sababu kila mmoja anawakilisha wengi: mwindaji wa Kifipa, Mjerumani wa hela ya kawaida, na Bwana Nyama.

Mwindaji wa Kifipa asichukuliwe kama mtu aliyekuwa anasubiri aletewe chuma. Wafipa walikuwa mafundi wa chuma wa hatari. Walijenga tanuri refu la udongo, ilungu, linaloweza kufika mita tatu hivi, na lilikuwa linavuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini bila mtu kuvukuta. Kilichotoka humo kilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi ya kusafisha chuma. Yakatoka majembe, mashoka na mikuki. Mpaka leo mabaki ya malungu bado yamesimama kwenye mashamba ya watu, mengine yamegeuka kichuguu ukiwa mbali. Kwa hiyo alipokuja kushika gobole, bunduki ya kushindiliwa baruti mdomoni, halikuwa muujiza machoni pake. Aliona mtutu, kitako na kifyatuo, akaelewa.

Tatizo la gobole ni moja, na ni kubwa. Unapata mlio mmoja. Unamimina baruti, unashindilia, unaweka gololi au kipande cha chuma, unasogea karibu mpaka unasikia mnyama anapumua, unafyatua, moshi mweupe unakuziba macho. Kama nyati hajaanguka, huna cha pili. Kushindilia upya kunataka muda, na nyati aliyejeruhiwa hakupi muda. Ndo maana wazee waliwinda kwa kundi, wenye mikuki na mbwa wakiwa karibu, na ndo maana dawa za kienyeji za uwindaji zilikuwa na soko. Cheka uwezavyo, ila hebu simama wewe hatua ishirini na nyati ukiwa na risasi moja tu, uone kama hutatafuta mganga.

Sasa kwa nini hakununua bunduki bora? Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa chenga na historia. Wanadhani ilikuwa hela tu.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikaa Brussels na kutia saini mkataba wa kupambana na biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha: bunduki za kisasa na risasi zake zisiingizwe kiholela katika ukanda wa Afrika ulio kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Zilizoachiwa mlango kidogo ni bunduki za gumegume, zisizo na michoro ndani ya mtutu ya kuizungusha risasi, na baruti ya kawaida. Sababu iliyotajwa ilikuwa nzuri, na haki isemwe, watu wa bonde la Rukwa walikuwa wameumizwa kweli na wavamizi wenye bunduki. Lakini angalia matokeo. Ufipa na Rukwa yote imo ndani ya ukanda ule. Mwafrika akaachiwa teknolojia ya mababu wa Wazungu, na Mzungu mwenye kibali akaingia na ya mwaka huohuo. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, akaongeza amri ya uwindaji yenye leseni na maeneo ya hifadhi. Mtu ambaye babu yake aliwinda bondeni sasa alihitaji karatasi.

Upande wa pili yuko Mjerumani wa hela ya kawaida, na stori yake ndiyo inayojibu lile swali la mwanzo.

Miaka ile, tajiri wa kweli aliyekuja kuwinda Afrika alibeba bunduki ya Kiingereza yenye mitutu miwili, iliyotengenezwa London kwa oda na kwa mkono, na majina kama Holland & Holland au Rigby. Faida yake iko wazi: milio miwili ya haraka bila kugusa kitu chochote zaidi ya kifyatuo. Bei yake ilikuwa ya watu wenye mashamba Uingereza. Mkulima wa Kijerumani au ofisa mdogo wa boma hakuweza hata kuiota.

Alichokuwa nacho ni Mauser. Mwaka 1898 jeshi la Ujerumani lilipokea bunduki ya Paul Mauser wa Oberndorf, ya kukoki kwa mkono: unainua mkono wa komeo, unavuta nyuma, ganda linaruka, unasukuma mbele, risasi mpya inaingia. Tano ndani ya magazini. Kwa sababu viwanda viliitengeneza kwa wingi kwa ajili ya jeshi, mashine yake ikawa na bei ya kueleweka, na mafundi bunduki wakaichukua na kuivalisha mtutu na kitako cha kuwindia.

Uzuri wake uko kwenye kitu kidogo ambacho mtu wa kawaida hakioni: ukucha mrefu wa chuma ubavuni mwa komeo. Risasi ikipanda tu kutoka kwenye magazini, ukucha unaikamata kwenye kitako chake na haiiachii mpaka iingie ndani, ilipuke na kutolewa. Ukikoki ukiwa umelala, umepinda, umeanguka kichwa chini, bado inashikwa. Ukipaniki ukarudisha komeo kabla halijafika mwisho, haiwezi kuokota risasi ya pili na kuzijamisha mbili kwa pamoja. Na ganda likinata ndani kwa joto na vumbi, ule ukucha una nguvu ya kuling'oa. Kwa mtu anayekimbiliwa, hiyo ndiyo bima yake.

Kilichokosekana ni risasi ya kutosha. Zile za jeshi zilikuwa nyembamba kwa kazi ya nyati. Mwaka 1905 fundi bunduki wa Berlin, Otto Bock, akatoa jibu: risasi ya milimita 9.3 kwenye ganda la urefu wa milimita 62, iliyopimwa ili iingie kwenye Mauser ya kawaida bila kulazimika kununua mashine kubwa ya bei mbaya. Kichwa chake kilikuwa kizito, gramu 18.5 hivi, hakikukimbia sana ila kilizama ndani. Na msukumo wake wa kawaida ulifaa nchi za joto, kwa sababu baruti ikichemka juani presha inapanda na maganda yanaanza kunata. Walengwa wake walijulikana, ni walowezi na wawindaji wa makoloni ya Ujerumani Afrika. Yaani bunduki ya bei ya kati kwa wanyama wakubwa ilibuniwa Ulaya kwa ajili ya ardhi kama hii, ila si kwa mwenyeji wake.

Ufipa haikuwa na walowezi wengi kama Usambara au Kilimanjaro. Wazungu walioonekana zaidi ni mapadri wa White Fathers na watu wa boma la Bismarckburg, Kasanga ya leo, kule Ziwa Tanganyika. Lakini hata mmoja akishuka bondeni na Mauser, habari ilisambaa. Milio mitano bila kushindilia! Kwa mwenye gobole huo ndo ulikuwa uchawi wenyewe.

Ubishi wa ukubwa wa risasi nao ulikuwepo, tena mkali kuliko Simba na Yanga. Mskochi W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja kule Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa Mauser ndogo ya milimita 7. Mashabiki wake wakasema ukubwa ni ushamba, kinachotakiwa ni shabaha. Wapinzani wakajibu kuwa Bell alikuwa Bell, alijua ubongo wa tembo ulipo kutoka kila upande, na wengi waliomuiga walizikwa. Kwa mtu wa kawaida wapinzani walikuwa na hoja nzito zaidi, maana nyati kwenye matete hakupi nafasi ya kuchagua pa kumpiga.

Ikaja vita. Wajerumani walipigana Afrika Mashariki mpaka mwisho, na kisa kiliishia mlangoni kabisa pa Ufipa: tarehe 25 Novemba 1918, Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia. Kichekesho ni kwamba bunduki walizokabidhi siku ile karibu zote zilikuwa za Waingereza na Wareno, walizoteka njiani. Inasimuliwa kule Mbala kwamba silaha zile zilitupwa kwenye Ziwa Chila.

Tanganyika ikawa ya Mwingereza, na ndipo anapoingia mhusika wa tatu, Bwana Nyama. Idara ya wanyamapori ilikuwa na kazi ya kulinda wanyama na pia kuwapiga wanaovamia mashamba. Kwa kazi hiyo serikali haikununua mitutu miwili ya matajiri. Ilichagua tena mfumo uleule wa Mauser, safari hii kwa risasi ya Kiingereza, .404 ya kampuni ya Jeffery, nzito na yenye presha ya chini. Askari wa pori wa Kiafrika akakabidhiwa. Fikiria hiyo picha: kijana wa kijijini haruhusiwi kuimiliki, lakini akivaa sare anapewa, anapelekwa kupambana na tembo kwa niaba ya serikali, na jioni anairudisha stoo. Babu wa jirani aliendelea na gobole lake, kwa leseni au bila leseni.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Wamarekani wakaja na Winchester Model 70 mwaka 1936, nayo ina ule ukucha. Mwaka 1964 kampuni ikauondoa ili kupunguza gharama, wawindaji wakakasirika kama mashabiki wa simu iliyotolewa toleo jipya bovu kuliko la zamani, na bunduki za kabla ya mwaka huo zikapanda bei mpaka leo. Kiwanda cha Kynoch cha Uingereza kikaacha kutengeneza risasi nyingi za zamani, na wenye .404 wakabaki na chuma kizuri kisicho na chakula. Nafasi ya bei ya kati ikachukuliwa na Brno ZKK 602 kutoka Czechoslovakia, na baadaye mdogo wake CZ 550, kwa risasi za .375 na .458. Hazikuwa na urembo. Komeo lilikwaruza mpaka fundi alisugue. Lakini ukucha upo, magazini ni kubwa, na wawindaji bingwa wengi wa Afrika walizifanyia kazi miaka na miaka. Tanzania ilifunga uwindaji mwaka 1973 na kuufungua tena 1978, na tangu hapo .375 ndiyo imekuwa ikihesabiwa kipimo cha chini kwa wanyama hatari. Ile 9.3 ya Bock, ambayo wengi wanakubali inafanya karibu kazi ileile, ikabaki chini ya mstari kwa tofauti ya unywele.

Kwa hiyo jibu la wawindaji ni lilelile kwa zaidi ya miaka 100: mashine ya Mauser au mtoto wake, risasi nzito isiyo na papara, na hela inayobaki uitumie kufanya mazoezi.

Na yule wa kwanza? Gobole halijafa. Polisi wa Rukwa na Katavi mara kwa mara hupanga mezani yaliyosalimishwa au kukamatwa, mitutu ya bomba na vitako vya mti vilivyochongwa kwa panga, na picha zake mtandaoni watu wanazichekea. Bondeni, kwenye mashamba yanayopakana na pori, mtu anayelinda mahindi yake usiku ana moto, debe la kupiga kelele na tochi. Akiingiliwa anapiga simu kwa maofisa wa wanyamapori. Wakichelewa, anajaza fomu. Shamba likiliwa, malipo yanaitwa kifuta jasho. Mtu akiuawa, yanaitwa kifuta machozi.