Elimu maalumu Tabora: Serikali inalipia nini, mzazi anabaki na nini?

Mtoto haoni. Au hasikii. Au ana miaka tisa na bado hajatamka sentensi. Mzazi yupo Kaliua, Sikonge au Igunga, na ameambiwa "shule ya watoto kama hawa ipo Tabora mjini". Swali la kwanza huwa si masomo. Ni hela: nani analipa?

Haya ndiyo ya kujua.

Sheria inasemaje?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Mwaka uliofuata ikapitishwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010.

Sheria hiyo inasema mtoto mwenye ulemavu ana haki ya elimu sawa na mwenzake. Kimsingi anatakiwa asome shule ya kawaida na apewe msaada anaouhitaji. Shule maalumu ni kwa yule ambaye mahitaji yake, kwa mfano ya mawasiliano, hayawezi kutimizwa huko.

Kwa maneno mengine, mwalimu mkuu hawezi kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu tu ni mlemavu. Kama shule yake haina uwezo, kazi yake ni kuelekeza mtoto apelekwe wapi, si kufunga mlango.

Shule zenyewe ni za aina gani?

Zipo aina tatu:

• Shule maalumu: ya aina moja ya ulemavu au zaidi, nyingi ni za bweni.

• Kitengo: darasa la elimu maalumu ndani ya shule ya msingi ya kawaida, lenye mwalimu wake aliyesomea.

• Shule jumuishi: mtoto anakaa darasa moja na wengine, akisaidiwa kwa vifaa na mwalimu.

Vijijini wengi wanachokipata ni hiyo ya tatu, mara nyingi bila vifaa na bila mwalimu aliyesomea. Mtoto anakaa tu nyuma ya darasa, jina lipo kwenye daftari la mahudhurio, lakini hakuna anachoambulia.

Kwa nini Tabora?

Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa Tabora na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Kabla ya hapo, mwaka 1950, Kanisa la Anglikana lilianzisha shule ya wasioona Buigiri, mkoani Dodoma. Tabora mjini ipo pia Shule ya Msingi Furaha, inayojulikana kwa kufundisha wasioona.

Ukitazama ramani utaona kitu. Njia ya zamani ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, ambayo ndiyo Tabora ya leo, kisha ikaelekea Ujiji. Wamisionari walipita humohumo. Reli ya Kati ikafuata, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Shule nazo zikajengwa palipofikika.

Matokeo yake yapo mpaka leo. Huduma ipo mjini na kandokando ya njia kuu, wakati watoto wengi wapo mbali, kwenye mashamba ya tumbaku na vijiji vya wafugaji.

Magharibi zaidi, wilayani Kasulu, ipo Shule ya Msingi Kabanga. Watoto wenye ualbino walikimbilia hapo mashambulizi yalipozidi miaka ya 2008 na 2009. Wengine walipelekwa Mitindo, Misungwi, na Buhangija, Shinyanga. Shule zikawa ghafla na kazi mbili: kufundisha na kulinda uhai. Wapo watoto waliokaa huko hata likizo, kwa sababu nyumbani hapakuwa salama.

Serikali inatoa nini?

Tangu Januari 2016, elimumsingi katika shule za serikali ni bila ada. Mpango ulipoanza, viwango vilikuwa hivi:

• Ruzuku ya uendeshaji: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na shilingi 25,000 kwa wa sekondari.

• Chakula cha bweni: shilingi 1,500 kwa mwanafunzi kwa siku.

Mishahara ya walimu wa shule za serikali inalipwa na serikali. Vifaa maalumu, kama mashine za nukta nundu na vifaa vya usikivu, hununuliwa na wizara yenye dhamana ya elimu na kugawiwa mashuleni.

Shida inaanzia wapi?

Ruzuku inahesabu vichwa. Piga hesabu: shule ya kawaida yenye watoto 800 inapata shilingi milioni 8 kwa mwaka. Shule maalumu yenye watoto 100, kwa kiwango hichohicho, inapata milioni 1.

Sasa angalia matumizi. Mtoto asiyeona haandiki kwenye daftari la kawaida. Anahitaji karatasi ngumu za nukta nundu, kibao na kalamu yake, au mashine. Mashine ya Perkins inauzwa kwa mamia ya dola, na ikiharibika si kila fundi anaijua. Kiziwi anahitaji mwalimu anayemudu lugha ya alama. Mtoto mwenye ulemavu wa akili au usonji anahitaji darasa dogo na mtu wa kumsaidia hata chooni.

Ndiyo maana shule nyingi maalumu zinategemea makanisa, wafadhili na wasamaria. Mfadhili akiondoka, pengo linaonekana jikoni kwanza.

Mzazi anabaki na nini?

Kutolipa ada hakumaanishi kila kitu bure. Sare, madaftari, godoro, shuka, sabuni na matibabu ni juu ya mzazi. Nauli pia.

Na nauli ndiyo inayowakwamisha wengi. Mtoto mdogo asiyeona hawezi kupanda basi peke yake. Lazima asindikizwe, kwa hiyo kila muhula unapofunguliwa na kufungwa mzazi analipa nauli ya watu wawili, kisha ya kurudi mwenyewe. Mwaka wa mavuno mabaya, mtoto anabaki nyumbani.

Kwa mtoto mwenye ualbino ongeza kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Mafuta ya Kilisun yanatengenezwa hapa nchini, KCMC Moshi, kwa ajili yao. Uliza hospitali ya karibu kama wanapokea mgao.

Walimu wanatoka wapi?

Chuo kinachojulikana zaidi ni Patandi, mkoani Arusha. Tabora yenyewe ina AMUCTA, chuo kikuu kishiriki kinachobeba jina la Askofu Mkuu Mihayo, kinachotoa shahada ya ualimu wa elimu maalumu. Kwa hiyo mkoa unazalisha wataalamu. Wakishahitimu, ajira na vituo vinapangwa na serikali, na anayepangiwa shule isiyo na kitengo huishia kufundisha darasa la kawaida.

Mtihani je?

NECTA ina utaratibu wake. Wasioona wanapewa mtihani wa nukta nundu, wenye uoni hafifu wanapewa maandishi makubwa. Wanaongezewa muda: dakika 20 kwa kila saa kwa Hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwa masomo mengine.

Lakini haya hayaji yenyewe. Shule lazima iandike uhitaji wa mtoto wakati wa usajili. Mzazi, uliza mapema. Mwezi wa mtihani umeshachelewa.

Uanzie wapi?

1. Nenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya karibu, hata kama unaona haifai. Mtoto asipoandikishwa popote, hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapangiwi hela.

2. Mpeleke hospitali apimwe macho na masikio. Kwa mkoa wa Tabora hospitali ya rufaa ni Kitete. Kuna watoto wanaoitwa "wazito" kumbe tatizo ni miwani au masikio.

3. Omba kuonana na ofisa elimu maalumu wa halmashauri yako. Yeye ndiye anayesaidia upimaji wa kielimu na kupanga mtoto aende shule gani.

4. Tunza kila karatasi. Akifika chuo kikuu na kuomba mkopo, Bodi ya Mikopo itataka ulemavu uthibitishwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au Mkoa.

Usichanganye na mikopo ya asilimia 10

Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo ni mikopo ya biashara, inarejeshwa. Si hela ya shule, na mtu asikwambie mtoto wako "alishapewa" kupitia asilimia 2.

Na diwani ana kazi gani?

Bajeti ya halmashauri inapitishwa na baraza la madiwani. Nauli ya watoto wa bweni, tangi la maji, matroni wa ziada, vyote vinaweza kuwekwa humo kama vitaombwa mapema na kwa idadi inayoeleweka. Wazazi wa kata moja wakienda pamoja na orodha ya watoto mkononi, ni vigumu kuambiwa "hatuna takwimu".

Kwa hiyo kama unamjua mtoto aliyefichwa ndani kwa jirani, msaidie mzazi wake kufika shuleni kabla uandikishaji haujafungwa.